Kinga ya Asili na Kukataliwa kwa Figo Iliyopandikizwa

Kinga ya asili ni ile sehemu ya ulinzi wa mwili ambayo binadamu huzaliwa nayo, isiyongoja kufundishwa sura ya adui, na ambayo katika kupandikiza figo huamka saa nyingi kabla limfosaiti T, chembe nyeupe za kinga inayojifunza, hazijajipanga kuishambulia figo ngeni. Askari wake ni makrofaji, neutrofili, seli za uuaji wa asili na komplimenti, yaani jamii ya protini zaidi ya 30 zilizomo katika damu. Matabibu waliihesabu kwa muda mrefu kuwa jambo la pembeni, na kwa kufanya hivyo waliidhulumu.

Tarihi

Figo ya kwanza iliyopandikizwa ikadumu ilikuwa ya Boston, Desemba 1954, pale Joseph Murray na wenziwe walipomtia mgonjwa figo ya pacha wake wa kufanana, na mwili haukuikataa kwa kuwa haukuona ugeni ndani yake. Dawa ya siklosporini, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1983, ilizituliza limfosaiti T kwa ufanisi mkubwa, na ushindi huo ndio uliowaelekeza wataalamu karibu wote upande mmoja. Mwaka 1994 Walter Land wa Munich alieleza kwamba wagonjwa waliopewa wakati wa upasuaji kimeng'enya cha kuondoa sumu za oksijeni walipatwa na ukataaji mkali kwa uchache zaidi; akahitimisha kwamba jeraha la figo lenyewe ndilo linaloiamsha kinga.

Namna inavyotenda

Figo ikishatolewa kwa mfadhili huoshwa kwa maji baridi ya dawa hata ikapauka, kisha huhifadhiwa barafuni. Na vibanio vya mishipa vinapofunguliwa katika mwili mpya, damu huijaza, rangi yake hurejea, na aghalabu mkojo huanza kutona mbele ya macho ya mpasuaji. Saa hiyo ya furaha ndiyo saa ya hatari, kwa maana oksijeni inayorejea ghafla huzijeruhi seli, nazo hutoa ATP, DNA na protini ya HMGB1, ambazo vipokezi vya Toll huzipokea kama dalili za msiba. Neutrofili humiminika, na seli za dendriti hupeleka habari kwenye tezi za limfu, ambako limfosaiti T huamshwa.

Komplimenti haitoki katika damu ya mpokeaji peke yake. Watafiti wa hospitali ya Guy's, London, walionyesha mwaka 2002 kwamba figo za panya zisizoweza kutengeneza C3, mojawapo ya protini za komplimenti, zilidumu zaidi ya siku 100, ilhali za kawaida zilikataliwa kwa muda wa kama wiki mbili. Kwa hiyo figo huja na silaha ya kujiangamiza. Alama ya C4d, kipande cha komplimenti, katika vishipa vidogo vya figo ni miongoni mwa dalili zinazotumiwa kutambua ukataaji unaoletwa na kingamwili.

Seli za uuaji wa asili nazo huweza kuishambulia figo isiyokuwa na alama ambazo seli hizo huzifahamu.

Pwani ya Kenya

Nchini Kenya figo hupandikizwa zaidi Nairobi na Eldoret, na wengine husafiri hadi India. Wafadhili aghalabu ni jamaa walio hai, jambo lenye heri, kwa kuwa figo haikai barafuni muda mrefu. Huko pwani, mji wa Kilifi umepata sifa kwa utafiti wa malaria, unaoigusa komplimenti pia, ambao Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya (KEMRI) na Wellcome Trust wameuendesha huko tangu 1989. Mwaka 2018 D. Herbert Opi na wenziwe walitangaza, kwa kuwachunguza watoto wa Kilifi, kwamba umbo la Sl2 la kipokezi cha komplimenti CR1 huambatana na kukingwa na malaria ya ubongo kwa watoto wasio na alfa-thalasemia, kasoro ya damu ya kurithi, ilhali umbo la McCb huambatana na hatari zaidi. Kipokezi hicho hicho huitia komplimenti lijamu, na sehemu yake ndiyo asili ya Mirococept, dawa iliyopitishwa ndani ya figo kabla ya kupandikizwa katika majaribio ya Uingereza; kwa kipimo kilichotumika, haikupunguza kuchelewa kwa figo kuanza kazi.

Hali ya sasa

Dawa za kila siku bado huzilenga limfosaiti.