Zana ya Kufuta Folda: Ejenti wa AI Akifuta, Meseji Zako Huenda Wapi?

Siku hizi unaweza kuambia ejenti wa AI "nisafishie imeli" halafu uendelee na shughuli zako. Baada ya sekunde chache anakujibu: folda imefutwa. Fiti. Lakini zile meseji zilikuwa ndani, kuna ile barua ya kazi, risiti za HELB, tiketi ya SGR, ziko wapi sai? Jibu linategemea imeli unayotumia, na wasee wengi hawajui hii tofauti.

Zana inafanya kazi aje?

Ejenti wa AI (si yule wa M-Pesa) hagusi imeli yako moja kwa moja. Anaandika ombi lenye jina la zana, tuseme delete_folder, pamoja na kitambulisho cha folda. Programu nyingine ndiyo inapeleka ombi hilo kwa seva, na seva inafuta.

Ejenti anajua zana inafanya nini kwa kusoma maelezo yake. Maelezo yakisema tu "inafuta folda", hayo mengine atakisia. Na kukisia na vitu za wenyewe ni noma.

Kufuta ni neno moja, maana tatu

*Gmail.* Hapa folda ni lebo tu. Meseji moja inaweza kuwa na lebo hata tano. Ukifuta lebo, inabanduka na hairudi, lakini meseji zenyewe zinabaki kwa All Mail. Kwa hivyo kama shida yako ni ile GB 15 ya bure imejaa, kufuta lebo hakukupunguzii hata kidogo. Kile umepoteza ni mpangilio: kama ulikuwa umetenga meseji 400 za klayenti mmoja, sasa zimechanganyika na zingine zote.

*Outlook.* Hii ni folda ya ukweli. Ukiifuta, inahamia Deleted Items na meseji zake zote. Bado unaweza kuitoa huko, lakini usikae sana. Kwa akaunti za kawaida za Outlook.com, vitu hukaa huko siku 30 halafu vinaondolewa. Ya ofisi inategemea vile watu wa IT wamepanga.

*IMAP.* Hii ndiyo lugha ya zamani ambayo seva nyingi za imeli bado zinaongea. Sheria zake ziliandikwa upya 2003 (RFC 3501), na tena 2021 (RFC 9051). Amri yake ya DELETE haijui mambo ya kapu la taka. Folda inaenda na meseji zake, imeisha hivyo. INBOX imekatazwa kufutwa. Na folda ndogo zilizo chini ya ile uliyofuta hazifutwi nayo.

Maelezo mazuri lazima yaseme nini?

Kama wewe ndio unajenga zana kama hii, andika haya waziwazi:

1. Meseji zinaenda wapi, na kama zinaweza kurudishwa.
2. Folda itambulike kwa kitambulisho, si jina. Mtu anaweza kuwa na folda mbili zinaitwa "Kazi".
3. Folda ndogo zinafanywa nini.
4. Folda isipopatikana, ejenti asimame na aulize. Asianze kutafuta ingine yenye jina linafanana. Inaweza kuwa imekosekana kwa sababu ombi la kwanza lilifaulu, mtandao ndio ulikatika kabla ya jibu kufika.
5. Jibu liseme meseji ngapi zimeguswa, si "sawa" pekee.

Kwa MCP, mfumo ambao Anthropic ilitoa Novemba 2024 wa kuunganisha AI na zana, kuna alama inaitwa destructiveHint. Inaonya kwamba zana inaweza kuharibu kitu. Lakini ni onyo tu, si kufuli. Kufuli ni programu kukataa kufuta hadi wewe mwenyewe ukubali.

Kabla hujampa ruhusa

Anza na ruhusa ya kusoma pekee. Akitaka kufuta, akuonyeshe kwanza jina la folda na idadi ya meseji. Mwambie ahamishe badala ya kufuta, halafu ufute mwenyewe baada ya wiki mbili.

Chunga pia meseji za watu usiowajua. Mjanja anaweza kuficha maagizo ndani ya imeli, na ejenti akiisoma adhani ni wewe unamtuma. Ejenti mwenye ruhusa ya kusoma na kufuta bila kuuliza ni mlango uko wazi.

Na kama uko Gmail, pitia Google Takeout upakue nakala ya imeli zako kwanza. Ni ya bure. Barua ya kazi ikipotea, huyo ejenti si ndiye ataenda kuelezea HR.