Windows, Mac au Linux: Prodyuza anayeanza achukue ipi?

Umejichanga miezi kadhaa, hela ya laptopu moja imetimia na unataka kuanza kutengeneza biti. Ukiuliza mtaani, mmoja atakwambia maprodyuza wa kweli wanatumia Mac, mwingine atasema Mac ni sifa tu. Wote wanaanzia pabaya. Chagua kwanza programu ya muziki, mfumo endeshi utafuata.

Chukua Logic Pro. Zamani ilikuwa na toleo la Windows, lakini Apple ilipoinunua kampuni ya Emagic mwaka 2002, toleo hilo likafutwa. Hadi leo, ukitaka Logic kwenye kompyuta ni Mac tu. FL Studio ilianzia upande wa pili: ilitoka mwaka 1997 kwa jina la FruityLoops, ikabaki ya Windows mpaka 2018, toleo la 20 lilipofungua milango kwa Mac. Ableton Live na Cubase zinapiga kazi kote.

Kwa hiyo kama studio unayoshirikiana nayo inatumia FL kwenye Windows, Mac ya nini? Kazi yako ya FL itafunguka kwenye mifumo yote miwili, ila plagini ulizotumia lazima ziwepo kwenye mashine zote mbili. Na kumbuka, plagini za AU ni za Mac peke yake, za VST ndizo zipo kote.

Kinachotesa wengi ni sauti kuchelewa. Msanii anaimba, anajisikia kwenye hedifoni kwa kuchelewa, anatoka nje ya biti. Mac ina Core Audio ndani yake, mara nyingi unachomeka kadi ya sauti na kazi inaanza. Kwenye Windows unahitaji draiva ya ASIO. Kadi nzuri huja na yake. Huna kadi? ASIO4ALL ni ya bure, na FL Studio nayo ina ya kwake. Halafu shusha bafa wakati wa kurekodi: sampuli 128 kwa kasi ya 44,100 kwa sekunde ni kama milisekunde 3. Ukiiacha kwenye 1024 ni karibu milisekunde 23, na hizo zinasikika kabisa. Wakati wa kumiksi pandisha, mashine ipumue.

Mtumba uangalie vizuri (Mac ya zamani huvutia macho kuliko inavyofanya kazi). Mac za chipu ya M1 na kuendelea haziongezwi RAM baada ya kununua, wakati laptopu nyingi za Windows zinaongezwa. Lakini Windows 10 iliacha kupata huduma ya kawaida ya Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, hivyo uliza kama mashine inakubali Windows 11. Na usisasishe mfumo katikati ya kazi ya mtu. macOS Catalina ya 2019 ilikataa programu zote za biti 32, plagini nyingi za zamani zikafa siku hiyo hiyo.

Linux ni ya bure, na Reaper, Bitwig na Ardour zinafanya kazi humo. FL na Logic hazina toleo lake.

Kabla ya kutoa hela, jaribu kwenye kompyuta ya rafiki. Reaper inakupa siku 60. FL ya majaribio nayo inahifadhi kazi, ila ukishaifunga huifungui tena mpaka ulipie, basi toa biti yako kwanza.