Wimbo Uliokataliwa Kwao

Wanachama wenzangu, na ninyi vijana mnaoketi sasa kwenye madawati yetu, nimeombwa niandike habari za historia. Nimechagua ya wanafunzi.

Abingdon ni shule iliyoko Oxfordshire, Uingereza, na wakati ule ilikuwa ya wavulana. Mwaka 1985 wanafunzi wake waliunda bendi, wakaiita On a Friday kwa kuwa mazoezi yao katika chumba cha muziki cha shule yalikuwa siku ya Ijumaa. Walikuwa Thom Yorke, Ed O'Brien, Philip Selway, Colin Greenwood, na baadaye Jonny, mdogo wake Colin. Wakubwa walipokwenda vyuo vikuu bendi haikufa. Likizo zilipofika walirudi wakapiga pamoja. Sisi tunaojua jinsi makundi ya shule yanavyotawanyika mara baada ya mtihani wa mwisho, hapana budi tuwavulie kofia. Mwaka 1991 kampuni ya EMI iliwapa mkataba, nao wakabadili jina kuwa Radiohead.

Muziki wao ulikuwa roki mbadala, yaani roki ya vijana wasiotaka kufuata njia iliyokwisha kanyagwa na bendi za biashara. Yorke alikuwa ametunga wimbo uitwao "Creep" alipokuwa mwanafunzi Chuo Kikuu cha Exeter. Ni maneno ya kijana anayempenda msichana lakini anajiona hafai hata kusimama karibu naye. Siku moja mwaka 1992, kazi ya kurekodi nyimbo nyingine ikiwa inasuasua, waliombwa waupige huo ili wachangamke kidogo. Waliupiga mara moja tu, na waliokuwamo studioni wakapiga makofi. Watayarishaji, Sean Slade na Paul Kolderie, hapo kwanza walidhani ni wimbo wa mtu mwingine!

Asikilizaye hukumbuka hasa ile milio mikali ya gita kabla ya kiitikio. Jonny aliuona wimbo umepoa mno, akaligonga gita lake kwa nguvu. Wenzake wamesimulia kwamba alitaka kuuharibu. Kumbe ndipo alipoutia uhai.

Santuri ilitoka Septemba 1992. Radio 1 ya BBC iliona wimbo huo unahuzunisha mno, ikaacha kuupiga. Ziliuzwa nakala kama 6,000, na katika orodha ya Uingereza haukupanda kupita nafasi ya 78. Kwa hesabu ya kampuni, hilo lilikuwa jalada la kufungwa.

Lakini nchini Israeli mtangazaji Yoav Kutner aliupiga mara nyingi katika redio ya jeshi, ukapendwa sana, hata bendi ikaalikwa kwenda huko. Kisha kituo cha KITS cha San Francisco kikauchukua, na redio nyingine za Marekani zikafuata. Mwaka 1993 ulifika nafasi ya 34 katika orodha kuu ya Marekani. Hapo ndipo Uingereza ilipoutoa upya, Septemba 1993, ukashika nafasi ya 7. Wimbo ulikuwa ni ule ule. Ninaona waliouhukumu mwanzoni walipima huzuni yake, wakasahau kwamba wenye huzuni nao wana redio.

Liko jambo jingine la haki. Sehemu ya wimbo huo ilifanana na "The Air That I Breathe", uliovuma mwaka 1974 ukiimbwa na The Hollies. Watunzi wake, Albert Hammond na Mike Hazlewood, walitambuliwa kuwa watunzi wenza, na fungu lao wakapata.

Sifa hiyo iliwalemea vijana wale. Katika maonyesho watu waliudai huo mmoja tu, na wengine wakishausikia hujiondokea. Mwaka 1994 Radiohead walitoa "My Iron Lung", wimbo wa kinyongo juu ya mafanikio hayo: umewaweka hai, na umewafunga. Mwaka 1997 ikaja "OK Computer", sahani iliyowapa heshima ya namna nyingine kabisa, na "Creep" wakauweka kando kwa miaka mingi. Mwaka 2016 walianza tena kuupiga, na mwaka 2017 wakaupiga kwenye tamasha la Glastonbury, watano wale wale wa Abingdon.