Ulimi wa Muhammad Ali

Mwanzoni mwa Februari 1980 ndege ya serikali ya Marekani ilitua Dar es Salaam ikiwa imembeba mtu ambaye hakuhitaji kutambulishwa. Hakuja kupigana. Rais Jimmy Carter alikuwa amemtuma kuzishawishi nchi tano za Afrika zisipeleke wanamichezo wao katika Olimpiki ya Moscow, kwa kuwa majeshi ya Kisovieti yalikuwa yameingia Afghanistan mwezi Desemba uliotangulia. Mwalimu Nyerere hakumpokea. Ilielezwa kuwa serikali iliona ni dharau kutumiwa bondia katika jambo zito la mataifa. Basi Muhammad Ali, ambaye kwa miaka ishirini ulimi wake ulitangulia mbele ya ngumi zake, akakaa mbele ya waandishi wa habari wa mji ule, na jibu likamtoka pembeni.

Uzito wa tukio hilo hauonekani ila kwa kujua ulimi huo ulikuwa umemfikisha wapi.

Alizaliwa Louisville, Kentucky, tarehe 17 Januari 1942, akaitwa Cassius Clay. Alipotwaa nishani ya dhahabu Roma mwaka 1960, mabingwa wa fani walimtazama kwa mashaka. Alicheza mikono ikining'inia kiunoni, akalikwepa konde kwa kurudisha kichwa nyuma badala ya kuinama, akazunguka ulingo kama mtu mwepesi, na tumbo la mpinzani alilipiga kwa nadra. Kila mwalimu wa ndondi angemkataza hayo. Yalimfaa kwa sababu macho na miguu yake vilikuwa na kasi ambayo watu wa uzito wa juu hawakuwa nayo, na siku kasi hiyo ilipopungua, mazoea hayohayo yalimgharimu.

La pili lililokuwa geni lilikuwa maneno. Mwaka 1961, mjini Las Vegas, alimwona mpiganaji wa mieleka aliyejiita Gorgeous George akijitapa mpaka ukumbi ukajaa watu waliolipa ili wamwone akishindwa. Kijana akalichukua somo. Akaanza kutunga beti za kutaja raundi atakayomwangusha mpinzani: Archie Moore alianguka katika raundi ya 4 mwaka 1962, kama alivyotabiriwa. Kama mashairi, tungo hizo zilikuwa hafifu. Vina vyepesi, mizani ovyo, na malenga yeyote wa visiwani angemrudisha chuoni. Lakini msomaji wa mwambao anajua kwamba tambo haipimwi kwa vina pekee. Zama za Muyaka bin Haji, Mombasa ilipokuwa ikivutana na jirani zake, beti zilikuwa sehemu ya vita, na aliyejigamba alijua kuwa atadaiwa. Clay naye alidaiwa. Machi 1963 Doug Jones alimpeleka raundi zote 10 kinyume cha utabiri wake, na ingawa alishinda kwa pointi, ukumbi ulimzomea.

Tarehe 25 Februari 1964, Miami Beach, Sonny Liston aliyeogopwa na wote alikaa kitini akakataa kutoka kwa raundi ya 7. Siku chache baadaye bingwa mpya akatangaza jina jipya na imani yake ya Kiislamu. Hapo neno likaacha kuwa mchezo. Ernie Terrell alipoendelea kumwita Clay, Februari 1967, alimwadhibu kwa raundi 15 huku akimwuliza jina lake ni nani. Ulikuwa ushindi wenye ukatili ndani yake. Tayari mwaka 1966 alikuwa amesema kwamba hana ugomvi na Wavietnamu. Tarehe 28 Aprili 1967, mjini Houston, alikataa kuingizwa jeshini. Akanyang'anywa ubingwa, akahukumiwa miaka 5 jela na faini ya dola 10,000. Jela hakuingia, kwa kuwa alikata rufaa, lakini ulingo alifungiwa kwa zaidi ya miaka mitatu, tangu umri wa miaka 25 hadi 28. Mahakama Kuu ya Marekani ilimfutia hatia Juni 1971, majaji 8 bila hata mmoja kupinga. Miaka ile haikurudishwa.

Ulimi huohuo ulimdhulumu Joe Frazier. Frazier alikuwa amemtetea alipofungiwa, na malipo yake yakawa kuitwa kibaraka wa weupe na kufananishwa na sokwe mbele ya dunia nzima. Mapambano yao matatu, kuanzia Machi 1971 hadi Manila Oktoba 1975, husimuliwa kama utenzi. Lakini Frazier aliibeba tusi hilo kwa miaka mingi, na hakuwa na kosa kuibeba.

Kinshasa, usiku wa kuamkia tarehe 30 Oktoba 1974, inajulikana mno kuhitaji kusimuliwa. Inatosha kukumbuka kwamba Ali, akiwa na miaka 32, aliegemea kamba akamwacha George Foreman apige mpaka achoke, akimnong'oneza maneno sikioni muda wote, hata akamwangusha katika raundi ya 8. Miaka miwili baadaye, Tokyo, alikutana na Antonio Inoki, bingwa wa mieleka, ambaye alilala chali kwa sehemu kubwa ya raundi 15 akimpiga mateke ya miguu. Matokeo yalikuwa sare, na Ali akalazwa hospitali kwa damu iliyoganda miguuni. Asiyesimama hapigiki, wala kelele hazimwinui.

Ndiye huyo aliyefika Dar es Salaam. Waandishi walimwuliza kwa nini Afrika iisusie Moscow, ilhali mwaka 1976 nchi za Kiafrika, Tanzania ikiwamo, ziliposusia Montreal kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imezuru Afrika Kusini ya makaburu, Marekani haikuziunga mkono. Wakamkumbusha pia ni nani aliyewapa silaha wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika. Ali alikiri kwamba hakuyajua hayo, na kwamba huenda anatumiwa katika jambo lisilo la haki. Kwa mara ya kwanza alikuwa amekuja na maneno ya kuazimwa, na hakujaribu kuyatetea. Aliendelea na safari. Nairobi Rais Moi alimpokea, na Kenya haikwenda Moscow. Tanzania ilikwenda. Filbert Bayi akarudi na nishani ya fedha ya mbio za kuruka viunzi na maji, Suleiman Nyambui na ya mita 5,000.

Tarehe 2 Oktoba mwaka huohuo, Las Vegas, Ali alisimama mbele ya Larry Holmes, aliyekuwa mwenzi wake wa mazoezi na aliyekwisha kuyasikia majigambo yote. Baada ya raundi ya 10 mkufunzi wake, Angelo Dundee, alilisimamisha pambano. Mwaka 1984 madaktari waligundua ugonjwa wa Parkinson. Sauti ilididimia taratibu, na katika miaka ya mwisho kabla hajafariki, tarehe 3 Juni 2016, waliomtembelea walilazimika kuinama karibu na mdomo wake ili wamsikie.