Dawa Iliyokataa Kuchemshwa

Hapa kwetu pwani, mtu akishikwa na homa ya vipindi, jambo la kwanza analolikumbuka bibi wa nyumba ni chungu: majani ya mwarobaini hutiwa ndani, maji yakatokota hata yakabadilika rangi, mgonjwa akafunikwa shuka gubigubi na kufukizwa, kisha akapewa kikombe kichungu anywe. Wachina nao, ambao utabibu wao ni wa tangu dahari, aghalabu huzipika dawa zao vivyo hivyo. Kwa sababu hiyo naona ni jambo la kutafakariwa sana kwamba dawa adhimu kuliko zote walizoipa dunia, ile ambayo leo huwaponya wagonjwa wa malaria kutoka Unguja hata Kinshasa, huenda ilifichikana kwa ajili ya moto huo huo wa jikoni.

Kisa chake kinaanzia vitani. Katika misitu ya Vietnam malaria ilikuwa ikiwaangusha askari makundi kwa makundi, na klorokwini, iliyokuwa tegemeo la ulimwengu, ilikwisha kuzoewa na vimelea. Basi Ho Chi Minh, kiongozi wa Vietnam ya Kaskazini, akawaomba Wachina msaada, na tarehe 23 Mei 1967 ikaanzishwa huko Beijing kazi ya siri iliyopewa jina la tarehe yenyewe, yaani 523. Mapema mwaka 1969 kazi hiyo ikafika katika Chuo cha Utabibu wa Jadi, akakabidhiwa Bibi Tu Youyou, ambaye baada ya kuhitimu elimu ya madawa mwaka 1955 alikaa tena miaka miwili na nusu akisomeshwa tiba ya kale, hata akawa kama mkalimani baina ya kaumu mbili zisizosikilizana. Mumewe alikuwa amepelekwa shamba kwa amri ya siasa ya siku zile; naye, ili apate kusafiri hadi kisiwa cha Hainan kuwatazama wagonjwa, akamwacha binti mmoja katika bweni la watoto wadogo, na mwingine kwa wazazi wake mjini Ningbo. Gharama hiyo nayo ihesabiwe katika bei ya dawa.

Yeye na wenzake wakapekua vitabu na kuwasaili matabibu wazee, wakakusanya maelezo ya dawa yapatayo 2,000, wakateua 640, na kufikia mwaka 1971 walikuwa wamekwisha kuwajaribia panya maji 380 yaliyokamuliwa katika mimea kama 200. Mmoja wa mimea hiyo ni qinghao, ndugu wa pakanga, nao mara ya kwanza ulileta matumaini. Walipolirudia jaribio, nguvu ile haikuonekana tena. Hapo wengi wangaliufuta katika daftari. Bibi Tu alirudi vitabuni, akasoma upya agizo la Ge Hong, tabibu wa karne ya 4, katika kitabu chake cha tiba za dharura: konzi ya qinghao ilowekwe katika vipimo viwili vya maji, ikamuliwe, na maji yake yanywewe yote. Agizo lenyewe halizidi mstari mmoja, na katika mstari huo moto haukutajwa.

Akafahamu kwamba huenda joto ndilo lililokuwa likiiua dawa. Basi akaacha maji ya moto, akatumia etha, ambayo huchemka kwa nyuzi 35 tu, akaondoa na ile sehemu yenye asidi iliyokuwa na madhara. Na tarehe 4 Oktoba 1971 kielelezo nambari 191 kikawasafisha panya vimelea vyote, na baadaye kima vilevile. Ikabaki khofu ya sumu, na msimu wa malaria ulikuwa hauwangoji. Kwa hiyo mwezi wa Julai 1972 Bibi Tu na wenzake wawili wakajilaza hospitali wakainywa wao kwanza. Walipokwisha kusalimika ndipo walipoipeleka Hainan kwa wagonjwa 21, na homa zikashuka. Mwaka huo huo ikapatikana chembe safi ya dawa, ndiyo artemisinini.

Wanakemia walipoichungua waliona ndani yake daraja la atomu mbili za oksijeni zilizoshikana, daraja dhaifu. Kimelea cha malaria hula damu ya mtu, na katika kula hujilimbikizia chuma cha damu. Chuma hicho hulivunja daraja, na mavunjiko yake humteketeza mlaji. Udhaifu wa daraja hilo ndio silaha ya dawa mwilini.

Wako wanaokitumia kisa hiki kuthibitisha kwamba kila kilichoandikwa na wahenga ni kweli, nami siafikiani nao, maana maelezo yale 2,000 yote yalitoka katika vitabu na vinywa vya kuheshimiwa, na karibu yote yaliyojaribiwa hayakuwafaa wale panya. Wala siwaafiki wanaosema kwamba maabara pekee ingalitosha, kwani qinghao ilikwisha kuanguka katika maabara kabla ya Ge Hong kusikilizwa vizuri. Bibi Tu alikitendea kitabu kama kadhi amtendeavyo shahidi: hakumkadhibisha kwa uzee wake, hakumsadiki kwa ndevu zake, bali alimwuliza neno kwa neno. Na hakuwa peke yake. Vikundi vya Yunnan na Shandong vilikamua dawa hiyo pia, na wataalamu zaidi ya 500 walihudumu katika kazi ya 523, ijapokuwa nusu ya Tuzo ya Nobel ya mwaka 2015 ilimwangukia yeye.

Kwetu ilifika kwa jina la dawa mseto, Zanzibar mwaka 2003 na Tanzania Bara mwishoni mwa 2006. Kwa watoto walio mahututi, hata hivyo, sindano ya kwinini ndiyo iliyoendelea kutumika, mpaka hospitali 11 za nchi tisa za Afrika, zikiwamo za Muheza, Korogwe na Kilifi, zilipoipima kwinini na artesuneti, mtoto wa artemisinini, kwa watoto 5,425. Matokeo yalitangazwa mwaka 2010: katika mafungu mawili yaliyokaribia kulingana sawasawa, waliopewa kwinini walifariki 297, na waliopewa artesuneti 230. Tofauti yake ni watoto 67.