Muhuri wa Barua na Siri ya Njiani

Mzee wa Mishamo anapomtumia mwanawe nakala ya cheti cha uraia kwa barua pepe, hutuma amana nzito. Makazi yale yalifunguliwa mwaka 1978 kwa wakimbizi waliotoka Burundi mwaka 1972, na vyeti vya uraia wa Tanzania vilianza kutolewa mwaka 2014. Je, karatasi iliyosubiriwa zaidi ya miaka 40 ni nani anaweza kuisoma ikiwa njiani?

Waliotutangulia walilijua swali hili. Mtume (s.a.w.) alipotaka kuwaandikia wafalme, aliambiwa kuwa hawasomi barua isiyo na muhuri, naye akatengenezewa pete ya fedha yenye nakshi ya muhuri. Hayo yamo katika Bukhari na Muslim. Lakini muhuri huonyesha barua ni ya nani, na mwenye kuuvunja atasoma. Ndiyo sababu makatibu walitumia fumbo, al-mu'amma. Al-Kindi wa Baghdad, aliyefariki yapata mwaka 873 Miladia, aliandika risala ya kulifumbua: hesabu herufi inayojirudia zaidi katika fumbo, kisha ilinganishe na inayojirudia zaidi katika lugha yenyewe. Kwa Kiarabu ni alif, kisha lam. (Kiswahili chetu kingetusaliti upesi kwa herufi a.) Tangu hapo kubadili herufi kwa herufi hakukutosha tena.

Barua pepe ilianza bila muhuri wala fumbo. Utaratibu wa kuisafirisha uliochapishwa mwaka 1982 uliipitisha wazi kama kadi ya posta. Mwaka 1976 Diffie na Hellman wa Marekani walikuwa wameshaonyesha namna wawili wanavyoweza kupatana ufunguo hadharani, na anayewasikiliza asiujue. Mwaka 1999 ukatoka utaratibu wa seva mbili kuulizana kwanza kama zote zinaweza kutumia fumbo. Zikiafikiana, mdukuzi wa njiani huona herufi zilizovurugika tu, na hesabu ya al-Kindi haimsaidii.

Hapa wengi hukosea. Fumbo hili ni la njiani tu. Barua ikifika kwenye seva hufumbuliwa, na mwenye seva anaweza kuisoma. Tena seva ya pili ikijibu kuwa haiwezi fumbo, mara nyingi barua huondoka wazi, na mtumaji hana habari. Anayetaka isomwe na mlengwa peke yake hana budi aifumbe mwenyewe kabla haijaondoka, kwa programu kama PGP aliyoitoa Zimmermann mwaka 1991. Wanaofanya hivyo ni wachache, nasi hatujisifu kuwa miongoni mwao.

Ama hukumu, hadithi ya Abu Dawud kuhusu kutazama barua ya ndugu bila idhini ni dhaifu, kama mwenyewe alivyobainisha. Hoja yetu ni aya ya 12 ya Suratul Hujurat, inayokataza kupelelezana. Huenda mwanafunzi akauliza: mhudumu wa seva hakuvunja muhuri wowote, barua imemfikia wazi, je, naye amekatazwa? Kwetu sisi amekatazwa, kwa sababu mzee wa Mishamo alimpa barua aifikishe, hakumpa aisome.