Mafuta ya Magari Kutoka Shambani: Tujifunze kwa Brazil na Malawi

Juzi mzee mmoja alinisimamisha njiani. Kijijini kwao anapita mnunuzi anayehimiza watu waache mahindi, wapande mihogo ya kutengenezea etanoli, yaani spiriti ya kuendeshea magari. Akaniuliza, "Bwana shamba, jambo hili ni la kweli?"

Ni la kweli, na si jipya. Ila kabla hujashika jembe, sikiliza historia yake.

Kuanzia mwishoni mwa 1973, bei ya mafuta ghafi duniani ilipanda takribani mara nne. Brazil iliumia sana, maana mafuta yake mengi yalitoka nje. Lakini ilikuwa na miwa tele. Novemba 1975 serikali ikaanzisha mpango ulioitwa Proálcool: viwanda vikapewa mikopo nafuu na kuhakikishiwa soko la etanoli. Mwaka 1979 likaingia sokoni gari la Fiat 147 linalotumia etanoli tupu. Fedha za kigeni zikaokolewa, na miwa ikapata soko la pili. Tena muwa ukikatwa huchipua, na makapi yake huchomwa kuendesha mitambo ya kiwanda.

Kisha upepo ukageuka. Mwaka 1986 bei ya mafuta ghafi ilianguka, na baadaye bei ya sukari ikapanda. Viwanda vikaona sukari inalipa zaidi. Kufikia 1989 etanoli ikaadimika vituoni, na wenye magari yale wakakwama. Imani ilirudi baada ya 2003, yalipokuja magari yanayokubali petroli na etanoli pia.

Jirani zetu Malawi walipita njia nyingine. Nchi yao haina bahari, hivyo petroli hufika kwa gharama kubwa. Mwaka 1982 kiwanda cha Dwangwa kilianza kutengeneza etanoli ya kuchanganya na petroli. Malighafi yake ni molasi, uji mzito unaobaki sukari ikishatolewa. Hayo ni mabaki, kwa hiyo chakula hakikuguswa.

Nasi tunakumbuka mbono kaburi, uliosifiwa miaka ya 2000 kwamba utatoa dizeli. Wengi walipanda, wanunuzi hawakuonekana.

Kwa hiyo, mnunuzi akija, muulize:

1. Kiwanda kiko wapi, na kinafanya kazi leo? Mhogo mbichi huanza kuharibika siku mbili tatu baada ya kuvunwa.
2. Bei na tarehe ya malipo viko kwenye mkataba wa maandishi?
3. Asipokuja, nitauza wapi? Chagua mbegu ya mhogo unaolika, ili ubaki na soko la makopa na unga.

Usiondoe mahindi yote. Anza na kipande kidogo, na ulete mkataba tuusome pamoja kabla hujatia sahihi.